Kabla ya Kilimanjaro, Kimbia Taratibu

Tangu mwaka 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita, ukishirikiana na Tume ya Kudhibiti UKIMWI, umekuwa ukiandaa Kili Challenge. Baadhi ya washiriki hupanda Mlima Kilimanjaro kwa miguu, wengine huuzunguka kwa baiskeli, na michango inayopatikana huenda kwenye mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI. Siku hizi safari za hisani za aina hiyo si ngeni. Makampuni, vikundi vya kanisani na marafiki waliosoma pamoja hupanda ili kuchangisha fedha za madawati, matibabu au visima. Fomu ikipita mezani ofisini watu husaini upesi, maana jambo lenyewe ni jema na mkurugenzi yupo anaangalia. Habari ya mapafu na magoti huja baadaye.

Kwa mfanyakazi wa mjini anayekaa kwenye kiti kutwa nzima, maandalizi yaliyo karibu naye zaidi ni mbio za barabarani. Hazihitaji mlima, wala ukumbi wa mazoezi wenye ada ya mwezi. Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Arusha na Moshi zina mbio kwa wingi, na nyingi zenyewe ni za hisani. CRDB Marathon ya Dar es Salaam, inayofanyika Agosti, imekuwa ikichangia matibabu ya watoto wenye magonjwa ya moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. NBC Dodoma Marathon, ya Julai, imechangia mapambano dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road. Majirani zetu wa Kenya wana mbio za Lewa, zilizoanza mwaka 2000 na ambazo kwa kawaida huwa Juni, kwenye barabara za vumbi ndani ya hifadhi ya wanyama, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Fedha zake huenda kwenye uhifadhi, shule na zahanati.

Ila kuna sharti, nalo halipendwi. Anayejiandaa na mlima azikimbie mbio hizi taratibu kuliko anavyoweza.

Sababu iko juu kabisa. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na pale kila pumzi inakupa takriban nusu ya oksijeni unayoivuta ukiwa ufukweni Coco, Dar es Salaam. Mwili unaweza kuzoea hali hiyo, lakini unataka siku, na hauzihesabu siku hizo kwa kuangalia medali zako. Kuwa na mazoezi mazuri hakukukingi na ugonjwa wa mwinuko. Wakati mwingine ndiko kunakokuponza, kwa kuwa miguu inakuruhusu kupanda haraka kuliko damu inavyoweza kujipanga. Waongozaji wa Kilimanjaro wanamjua vizuri mgeni wa namna hii. Siku ya kwanza anatangulia, anafika kambini akiwa wa kwanza, anawapiga picha wenzake wanaofika nyuma yake. Siku ya tatu, kwenye mwinuko wa mita elfu nne na kitu, amekaa juu ya jiwe ameshika kichwa, chakula hakitaki kupita, na yule mama wa uhasibu aliyekuwa akichekwa kwa mwendo wake wa kinyonga anapita mbele yake akitafuna karanga.

“Kaka, hapa hatukimbii,” mwongozaji atamwambia. “Ukiona umeanza kuhema, ujue umeshazidisha.”

Ni kweli wapo waliokimbia Kilimanjaro. Simon Mtuy, mzaliwa wa miteremko ya mlima huo huo, mwaka 2006 alipanda na kushuka kwa chini ya saa 10. Karl Egloff wa Ecuador aliipunguza kazi hiyo hadi saa 6 na dakika 42 mwaka 2014. Hao ni watu ambao mwinuko ni makazi yao na kazi yao. Mfanyakazi wa Kariakoo hana la kuiga hapo.

Basi mbio za barabarani zinakupa nini, kama si kasi? Kwanza zinakupa tarehe. Mazoezi yasiyo na tarehe huahirishwa na mvua, na foleni, na harusi ya binamu. Ukishalipia namba ya kifuani, wiki zinaanza kujipanga zenyewe. Pili zinakufundisha mwendo. Wakati maelfu ya watu wanaondoka mbele yako kwa kishindo, muziki unalia, na kijana wa mtaani kwako anakupita akikutania, kubaki kwenye mwendo wako mwenyewe ni zoezi gumu, na ni zoezi lile lile utakaloombwa kulifanya njia nzima kutoka lango la Machame. Anayeona aibu kukimbia kwa kujizuia amkumbuke Alphonce Simbu wa Singida kwenye mashindano ya dunia ya Tokyo, Septemba 2025. Alikimbia kilomita 42 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akampata Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe wenyewe na kumshinda kwa sehemu tatu tu za mia ya sekunde. Alikuwa na akiba mwishoni kwa sababu hakuitumia mwanzoni.

Kipimo cha mwendo unaofaa hakihitaji saa ya bei mbaya. Aliyepita JKT au shule zetu za bweni anaujua mchakamchaka: mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia. Ukiweza kuitikia mstari mzima bila kukatika pumzi, uko pazuri. Ukiweza kuimbisha, ongeza kidogo. Ukitoa neno moja moja, punguza, hata kama ni kilomita ya pili na watu wanakuona.

Sasa kalenda. Tuseme kikundi chenu kinapanda Septemba, ndani ya msimu mkavu wa Juni hadi Oktoba. Hesabu kurudi nyuma. Masika ya Machi hadi Mei ni ya kujenga msingi: siku tatu kwa wiki, dakika thelathini hadi arobaini, nusu ukikimbia na nusu ukitembea kama hujazoea. Jiunge na kikundi cha mchakamchaka cha mtaani, kwa kuwa saa 11 alfajiri kitandani ni patamu na mwenzako akikusubiri barabarani utaona haya kubaki umelala. Ukipata mbio za kilomita 5, ziingie. Juni tafuta kilomita 10. Julai mwishoni nenda Dodoma kwa kilomita 21. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ingawa mwinuko huo haukutayarishi kwa Kilimanjaro, hewa kavu na asubuhi zenye ubaridi zinafanana zaidi na mlimani kuliko jasho la Mbagala. Agosti kimbia tena kilomita 10 nyumbani, kwa raha. Wiki tatu za mwisho usiingie mbio yoyote. Usiongeze umbali kwa pupa katikati: sehemu ya kumi ya jumla ya wiki iliyopita inatosha, na kila wiki ya nne punguza.

Kilomita 42 sikushauri. Marathoni kamili inadai miezi ya maandalizi na wiki kadhaa za kupona, na katika wiki hizo za kupona ungekuwa unatembea na begi mgongoni, jambo linalokusaidia zaidi. Kwa mlima wa siku saba, mtu anayemaliza kilomita 21 kwa saa tatu huku akizungumza ana msingi wa kutosha.

Mbio peke yake hazitoshi, na hapo ndipo wakimbiaji wazuri hudanganyika. Mlimani hakuna anayekimbia. Unatembea saa tano hadi saba, unalala chini, unaamka, unatembea tena. Kwa hiyo zoee miguu iliyochoka. Jumamosi tembea saa tatu au nne ukiwa na kilo sita mgongoni: vilima vya Pugu na Kisarawe, barabara za kupanda na kushuka za Chuo Kikuu pale Mlimani, au kama uko Morogoro, njia za Uluguru. Jumapili ingia mbio zako ukiwa na uchovu wa jana. Muda wako utakuwa mbaya, na hiyo ni sawa. Wanaofanya kazi kwenye maghorofa wana ngazi. Lifti ikiharibika wasinung'unike.

Kwenye Kilimanjaro Marathon ya Moshi nitasimama kidogo, maana kwa mpandaji ni mbio yenye faida kuliko zote. Imekuwapo tangu 2003, huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na nusu marathoni yake inatoka mjini ikipanda kuelekea Mweka, kisha inageuka na kuteremka. Wengi huhofia kupanda. Kinachotakiwa kukuvutia ni ule mteremko. Mlimani, siku ya kilele, utashuka kutoka mita 5,895 hadi kambi ya Mweka iliyo kwenye mita 3,100 hivi, na kesho yake unaendelea kushuka hadi langoni. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya kuzuia uzito huku ikivutwa, na kazi hiyo huichana kwa ndani kwa namna ambayo kupanda hakuwezi. Maumivu yake hayaji siku hiyo hiyo. Huja siku ya pili, unaposhindwa kukaa chooni bila kushika ukuta. Habari njema ni kwamba misuli inajifunza: ikishapata mteremko mmoja mrefu, wa pili baada ya wiki kadhaa huuma kidogo sana. Kwa hiyo ukigeuka kule juu, usiachie miguu kama watoto wanavyofanya. Piga hatua fupi, magoti yamelegea, mwili umesimama juu ya nyayo. Anayepanda Septemba atafute mteremko mwingine mwezi Agosti, kwa kuwa kinga hiyo hupungua kadiri muda unavyopita.

Ukiwa Moshi tayari, tumia nauli yako vizuri. Ijumaa panda kwa siku moja kutoka lango la Marangu hadi Mandara, mita 2,720, na kurudi; Jumapili ukimbie. Wapo wanaounganisha mbio na safari nzima ya kilele. Hao nawaomba waweke siku mbili au tatu za kupumzika katikati, na wachague kilomita 5 au 21.

Kila mbio ni mahali pa kugundua kasoro kungali mapema. Chukua vidole vya miguu. Kwenye mteremko mrefu mguu unateleza mbele ndani ya kiatu, ukucha wa dole gumba unagonga, na kilomita kumi baadaye umeshakuwa mweusi. Barabarani hilo ni ukucha tu. Kwenye njia ya Mweka ni saa sita za mateso. Kwa hiyo kata kucha siku mbili kabla ya mbio, zikiwa tambarare. Nunua viatu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, uvivae na soksi ile ile utakayopandia, na nafasi ya upana wa kidole ibaki mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kisha angalia juu kabisa ya kiatu chako, karibu na kifundo: kuna tundu la ziada ambalo watu wengi hawalitumii. Pitisha kamba humo kila upande kutengeneza kitanzi kidogo, vusha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, ndipo ufunge. Kisigino kinakaa palepale, na dole gumba linaacha kugonga. Jaribu hivyo kwenye kilomita 10, usisubiri kuambiwa na mpagazi. Malengelenge nayo yana mahali pake pa kudumu. Baada ya mbio mbili utajua pako ni wapi, na pale ndipo utakapopaka mafuta mazito au kubandika plasta kabla ya kuondoka.

Tumbo nalo lifundishwe. Mbio za Dar es Salaam huanza alfajiri kukwepa jua, kwa hiyo unaamka saa 9 usiku na kujilazimisha kula. Ndivyo ulivyo usiku wa kilele: kutoka kambi ya Barafu, kwenye mita 4,670 hivi, vikundi huondoka karibu na saa 6 usiku, kwenye baridi kali iliyo chini ya sifuri, na hakuna anayejisikia kula. Tumia asubuhi za mbio kujua tumbo lako linakubali nini saa hizo. Uji mwepesi? Ndizi mbivu? Mkate na asali? Kitu kipya kisionjwe siku ya mbio wala usiku wa kilele. Kuhusu maji, kunywa kwa kiu na kwa vipimo vidogo vidogo. Kumeza chupa nzima kila kituo, kilomita 21, kunaweza kupunguza chumvi kwenye damu hadi mtu akachanganyikiwa, na walio nyuma, wanaochukua muda mrefu barabarani, ndio walio hatarini zaidi.

Kabla ya yote haya, nenda hospitali. Pima shinikizo la damu, sukari na wingi wa damu. Mwenye upungufu wa damu atahangaika mapema. Uliza pia kuhusu selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo, na watu wengi zaidi wanabeba kinasaba chake bila kuugua wala kujijua. Kwenye mwinuko mkubwa, hasa wakipungukiwa maji, baadhi yao wanaweza kuumia wengu, na dalili yake ni maumivu makali ubavuni upande wa kushoto. Kipimo chake ni cha damu tu. Mwenye ugonjwa wenyewe, kilele si chake, lakini michango anaweza kuikusanya kuliko wote. Ukiwa na homa usikimbie “kuitoa kwa jasho”. Pima malaria, jitibu, pumzika. Namba ya kifuani ikipotea, imepotea.

Dalili za ugonjwa wa mwinuko wazijue wote kikundini, siyo kiongozi peke yake: kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi kukataa, hamu ya kula kupotea. Mwenye dalili hizi asipande zaidi mpaka zitulie. Anayeyumba kama mlevi, anayeongea visivyoeleweka, au anayehema akiwa amekaa, huyo ashushwe mara moja, usiku huo huo, bila kusubiri kupambazuke na bila kumuuliza anaonaje. Dawa ya asetazolamidi husaidia baadhi ya watu kuzoea. Izungumzwe na daktari mapema, si kuazimana kambini. Kama bajeti yenu ina nafasi ya kuongeza kitu kimoja tu, ongezeni siku. Njia ya siku saba au nane inawafikisha watu wengi kuliko ya siku tano, na hakuna idadi ya nusu marathoni inayoziba pengo hilo.

Limebaki suala la fedha, ambalo watu wazima wazima hulivuruga. Tofautisheni tangu siku ya kwanza gharama za kupanda na mchango wa hisani. Ada za hifadhi, waongozaji, wapagazi na chakula ni za mpandaji au kampuni yake. Shilingi ya mchangiaji isimnunulie mtu koti. Mtanzania hulipa ada ya hifadhi ndogo kuliko mgeni, kwa hiyo hili linawezekana, hasa kwa kudunduliza tangu masika. Katika gharama hizo msibane malipo ya wapagazi. Ni kichekesho kichungu kuchangia watoto yatima kwa safari iliyompunja baba wa watoto. Kabla ya kusaini na wakala, ulizeni mpagazi analipwa kiasi gani kwa siku, anakula mara ngapi, na kama mzigo wake unapimwa langoni usizidi kilo 20.

Mchango wenyewe uwe na akaunti au namba yake ya simu, yenye watia saini wawili au watatu, na jina la hospitali au shule itakayopokea liandikwe kwenye kadi kabla ya kadi kutoka. Hapa mbio zinasaidia tena. Watu wamechoka na kundi la WhatsApp linaloomba tu. Lakini mtu akituma picha yake Julai akiwa Dodoma, jasho limemkauka usoni, na chini yake jumla ya fedha zilizoingia hadi siku hiyo, mjomba aliyekuwa amenyamaza tangu Aprili hutuma elfu ishirini. Tumeni taarifa baada ya kila mbio, yenye tarakimu, hata kama tarakimu ni ndogo. Usiahidi kilele kwa mtu yeyote anayechangia. Ahidi kwamba utajiandaa, utapanda kadiri mwili na mwongozaji watakavyoruhusu, na fedha zitafika hata kama wewe utageukia Stella, kabla ya kufika kilele.

Mkishashuka, wapeni miguu wiki moja na mhasibu wiki mbili. Taarifa ya mwisho iende kwa kila aliyechangia, wa elfu mbili na wa milioni mbili kwa karatasi ile ile: kilichoingia, kilichotolewa, tarehe, na nakala ya stakabadhi ya waliopokea.